Ukuta wa Risasi

Waliponiambia, "Fundi Shee, ukuta huu utatiwa risasi,"
niliweka mwiko chini.
Mji huu umeisikia risasi; hatuitaji kwa mzaha.
Daktari Rukia Famau alicheka mpaka akashika kiuno:
"Risasi madini, baba. Mabamba yake.
Ya kuzuia mwanga usitoroke."

Mwanga usitoroke!
Miaka arubaini, Mkomani hadi Langoni,
nimeubembeleza mwanga uingie:
kiwanda wazi, tundu juu ya mlango, kidaka cha taa.
Leo naambiwa niujengee jela.

Basi nikajenga.
Punda wa Kupi walileta mchanga na saruji.
Mabamba waliyakataa. Mmoja alipiga magoti
kwenye mteremko wa Hidabu, akatutazama kama kadhi.
Tukayabeba wenyewe, wanne kwa bamba, tukihesabu hatua.
Mashine ilivushwa kutoka Mokowe juu ya tishari,
ndani ya sanduku refu kuliko jeneza,
na madrasa siku hiyo ilibaki na mwalimu peke yake.

Kwa mazoea nikachonga kidaka ukutani. Kidogo tu.
Ekal, kijana wa mitambo aliyetoka Lodwar,
akatia kidole ndani, akatikisa kichwa:
"Hapa patavuja."
Nikaziba. Iliniuma kama kung'oa jino zima.

Sikuwaambia kwa nini sikudai nyongeza.
Mwanamkuu wangu alikwenda Mombasa kutafuta picha moja.
Boti, basi, foleni, njoo Alhamisi.
Foleni, umeme umekatika, njoo Jumatatu.
Picha ilipotoka, daktari aliiinua kwenye taa,
akasema neno nisilolijua,
kisha akasema nililolijua: mmechelewa.

Bahasha ile ya kaki iko chini ya godoro.
Siku za jua kali huitoa picha, nikaishika dirishani:
mbavu zake nyeupe,
kama boriti za dari niliyoipandisha mimi,
na katikati doa, halizidi kokwa ya tende.
Boriti nazijua zote.
Doa lile, mpaka leo, silijui.

Kituo kikafunguliwa. Wagonjwa walikuja.
Lakini Rukia alitaka na wazima, mia tatu,
wa Amu, wa Shela, wa Matondoni:
"Vipimo tunavyosoma vimetoka vifuani mwa watu wengine.
Nitaujuaje ugonjwa wenu
kama sijawahi kuuona uzima wenu?"
Bi Zena wa mahamri akamjibu palepale sokoni:
"Mwanangu, maradhi hayajaniita. Mimi niyapigie hodi?"
Wiki nzima, kiti cha kungojea kilingojea.

Ijumaa baada ya sala nikaenda mimi.
Nikavua fulana, imetoboka kwapani, nikaona haya.
Nikalala kwenye ubao baridi, katikati ya kuta zangu.
Ekal, kutoka upande wa pili: "Vuta pumzi. Ishike."
Nikaishika.
Kimya kile! Hata mlio wa punda haukupenya.
Nilijenga vizuri.

"Huyu hapa ni wewe," akasema Rukia.
Mapafu, na ndani yake chembe nyeupe, zimetawanyika.
"Vumbi la chokaa. Una kikohozi?"
"Cha kawaida."
"Nani alikwambia ni cha kawaida?"
Sikuwa na jibu.
Nyumba zenu zote, kumbe, nimezimeza kidogo kidogo.

Kwenye karatasi hawakuandika jina langu. Waliandika: wa kwanza.
Sawa. Hata kwenye kuta zangu siandiki.

Nje barazani, ambako hakuna mwanga wa kuchungwa,
nilikuwa nimechonga kidaka kingine, bila kuulizwa.
Jumamosi nilikikuta na sahani ya mahamri, imefunikwa kawa,
na chini yake Bi Zena ameketi,
buibui amelikusanya mapajani,
akiuliza kwa sauti ya kugomba
kama bangili nazo lazima zivuliwe.